Kusahihisha kosa la kiafya lililokwisha kuchapishwa mtandaoni: mwongozo kamili

Nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, lita moja ya maji safi na salama. Hicho ndicho kipimo cha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha pale ambapo pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) haipatikani. Sentensi ni fupi, lakini ina vipimo vitatu, na kila kimoja kinaweza kuharibika njiani. "Nusu" ikidondoka, chumvi inakuwa mara mbili. "Lita moja" ikigeuka "nusu lita", inakuwa mara mbili tena. Kijiko cha chai cha chumvi kina gramu 6 hivi. Ukikikoroga kwenye nusu lita umepata gramu 12 kwa lita, wakati ORS ya pakiti, kwa fomula ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF waliitangaza mwaka 2002, ina chumvi ya kawaida gramu 2.6 tu kwa lita. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji akinyweshwa mchanganyiko huo, sodiamu (sehemu ya chumvi) katika damu yake hupanda. Anaweza kupata degedege, ubongo ukaumia, hata kufa.

WHO yenyewe, katika mwongozo wake wa kuharisha wa mwaka 2005, haikuyapigia debe sana maji haya ya nyumbani, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba watu husahau kipimo. Kama kipimo husahaulika mtu akiambiwa ana kwa ana, hebu fikiria kinavyopindika kikitoka kwenye tovuti kwenda Facebook, kutoka Facebook kwenda kwenye kundi la WhatsApp la kanisani, kisha kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayeendesha ukurasa wa afya kwa Kiswahili, na pia kwa msomaji aliyeona kosa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinautumikia: kosa la kiafya husahihishwa hadharani, pale pale lilipotokea, na kwa uzito unaolingana na madhara yake. Kulifuta kimya kimya ni kumwacha aliyekwisha kunakili na karatasi yake ukutani.

Hifadhi kwanza ulichokiona

Kabla ya kumwandikia mtu au kugusa neno lolote, piga picha ya skrini inayoonyesha sentensi yenye kosa, jina la ukurasa na tarehe. Nakili anwani kamili ya ukurasa. Kisha nenda web.archive.org, bandika anwani hiyo na uihifadhi. Ni bure, na nakala hubaki hata mwenye tovuti akibadilisha maandishi. Hii si kwa ajili ya kumtega mtu. Utahitaji kujua watu walisoma nini hasa, na kwa muda gani, ili sahihisho liseme kweli.

Kama kosa liko kwenye ujumbe wa WhatsApp, usiufowadi jinsi ulivyo kwa daktari au kwa rafiki ukiuliza "hii ni kweli?" Swali lako litabaki nyuma na ujumbe utaendelea na safari. Tuma picha yake ukiwa umepiga mstari mwekundu juu ya maandishi.

Pima uzito wa kosa

Jiulize: mtu akiifuata sentensi hii usiku huu, kabla hajamwona mhudumu yeyote, nini kitamtokea? Kama jibu ni madhara, una kosa la dharura. Kwa kawaida hayo ni makosa ya kipimo cha dawa, umri, uzito, idadi ya siku, dalili za hatari, na chochote kinachomhusu mjamzito au mtoto mchanga. Makosa mengine, kama mwaka wa ugonjwa kugunduliwa au jina la bakteria, yanastahili kurekebishwa pia, lakini yanaweza kusubiri hadi kesho.

Kosa la dharura likiwa kwenye ukurasa wako mwenyewe, usisubiri hadi upate jibu sahihi. Liondoe sasa hivi na mahali pake uandike: "Kipimo kilichokuwa hapa kina kosa. Usikitumie. Tunakihakiki." Wapo wahariri wanaoogopa kuweka tangazo la namna hii kwa sababu ukurasa utaonekana haujakamilika. Na uonekane hivyo kwa saa chache. Mama aliyeshika kijiko anahitaji kujua asimame.

Mahali makosa yanapojificha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu makosa mengi ya afya hupita machoni pa mhariri makini yakionekana kama Kiswahili safi.

Anza na saa. Makala nyingi hutafsiriwa kutoka lugha ambazo saa huhesabiwa tangu usiku wa manane, na mashine za kutafsiri mara nyingi huacha tarakimu ilivyo. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa 12 jioni anatakiwa ameze ya pili saa 8 usiku. Ukurasa uliotafsiriwa ovyo utamwambia "saa 2 usiku", na yeye atameza dozi ya pili baada ya saa mbili tu. Kila unapokuta saa kwenye ukurasa wa dawa, hesabu mwenyewe kwa vidole. Na popote inapowezekana, andika "baada ya saa 8 tangu dozi ya kwanza" badala ya kutaja saa ya ukutani.

Kisha vipimo vya dawa ya maji. Miligramu hupima dawa, mililita hupima maji yaliyobeba dawa. Sirapu ya parasetamo ipo ya miligramu 120 katika kila mililita 5, na ipo ya miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Ukurasa unaosema "mpe mtoto mililita 5" bila kutaja nguvu ya sirapu ni kosa hata kama hakuna tarakimu iliyokosewa. Sahihisho lake ni kuongeza maneno: uzito wa mtoto, nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa, na agizo la kumwuliza mfamasia.

Vijiko navyo. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Neno "kijiko" likisimama peke yake, msomaji atachukua kilicho karibu. Andika "kijiko cha chai kilichosawazishwa", na kwa chumvi ongeza kwamba isizidi gramu 3 kwa lita, maana vijiko vya majumbani havilingani. Pakiti za ORS vilevile: zipo za lita moja na zipo za nusu lita. "Changanya pakiti moja kwenye lita moja" ni sahihi kwa pakiti moja na ni kosa kwa nyingine. Maandishi salama ni: "Soma kwenye pakiti kiasi cha maji, upime maji hayo kwa chupa unayoijua ujazo wake."

Halafu kuna maandishi yaliyokuwa sahihi siku yalipoandikwa. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kuhamia dawa ya SP (salfadoksini na pirimethamini). Mwishoni mwa 2006 ikahamia ALu. Bado utakuta ukurasa unaomwelekeza mgonjwa wa malaria ameze SP. Chanjo ya HPV (kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi) ilipoanza kutolewa kitaifa Tanzania mwaka 2018 ilikuwa dozi mbili; mwaka 2024 nchi ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, baada ya WHO kuikubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022. Ukurasa wa 2019 haukusema uongo. Lakini mzazi anayeusoma leo atadhani mwanawe bado anadaiwa chanjo.

Mwisho kabisa, picha. Bango zuri lenye rangi hukaa juu ya makala, na kipimo kibovu kimeandikwa ndani ya picha yenyewe. Mhariri anarekebisha maandishi ya chini, bango linabaki, na bango ndilo watu wanalolihifadhi kwenye simu.

Thibitisha, na usivuke mpaka wa kosa

Usisahihishe kwa kumbukumbu, hata kama wewe ni daktari. Fungua mwongozo wa matibabu wa wizara ya afya ya nchi inayohusika, na wa WHO, usome tarehe ya toleo. Vikitofautiana, kwa msomaji wa Tanzania au Kenya mwongozo wa nchi yake ndio unaoamua atakachokikuta zahanati. Eleza tofauti hiyo badala ya kuificha. Habari ya gazeti kuhusu utafiti mpya haitoshi kubadilisha kipimo. Utafiti mmoja haujawa mwongozo.

Jihadhari zaidi na sahihisho linalozidi. Turudi kwenye SP. Mtu akisoma kwamba SP si tiba ya malaria tena, anaweza kupitia ukurasa mzima akifuta kila inapotajwa, au akaandika "SP haitumiki tena." Hapo atakuwa amezaa kosa jipya, na baya, kwa sababu SP bado hutolewa kliniki kwa wajawazito kama kinga, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, angalau dozi tatu zilizopishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Mjamzito aliyesoma "haitumiki tena" atakataa dawa akiwa mbele ya nesi. Vivyo hivyo kwa chanjo ya HPV: dozi moja ni kwa walio wengi, ila kwa anayeishi na VVU WHO inapendekeza angalau dozi mbili, na tatu ikiwezekana. Kwa hiyo baada ya kuandika sahihisho, uliza: je, kuna kundi la watu ambalo sentensi hii mpya si kweli kwao? Wataje.

Mtu wa pili asome kabla hujachapisha. Akiwa mfamasia au muuguzi, vizuri zaidi. Mpe ukurasa wa mwongozo na sahihisho lako, alinganishe tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole.

Jinsi ya kuliandika sahihisho

Liweke juu ya makala, si mwishoni. Anza na kilicho sahihi, kwa sababu msomaji mwenye haraka hukumbuka tarakimu ya kwanza aliyoiona. Mimi hupendelea tarakimu mbovu isirudiwe kabisa; inatosha kueleza ilikosea kwa namna gani. Mfano:

"SAHIHISHO, 12 Mei 2025. Kipimo sahihi cha maji ya chumvi na sukari ni nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vimesawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi na salama. Tangu mwezi Februari ukurasa huu ulikuwa umeandika chumvi mara mbili ya hiyo. Kama ulinakili au kumtumia mtu kipimo cha awali, tafadhali kifute na umjulishe. Mtoto aliyekunywa mchanganyiko wa awali na sasa amelegea, anashtukashtuka au amepata degedege apelekwe kituo cha afya mara moja, na mhudumu aambiwe alikunywa nini. Tunaomba radhi."

Tangazo hilo linabeba kilicho sahihi, aina ya kosa na muda lililodumu. Linamwambia pia msomaji cha kufanya kama alishalitumia, na hapo ndipo masahihisho mengi hunyamaza. Wengi huandika "makala hii imehuishwa" wakaishia hapo. Kuhuisha ni kuongeza kipya. Kosa liitwe kosa.

Je, makala nzima ikiwa mbovu, ifutwe? Napendelea ibaki anwani yake, maandishi yaondolewe, na paandikwe kwa nini yameondolewa. Majarida ya sayansi yana desturi hii na ina faida. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Andrew Wakefield na wenzake, uliohusu watoto 12, uliotumika kudai kwamba chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) inahusiana na usonji. Jarida liliufuta rasmi Februari 2010, miaka 12 baadaye. Hata hivyo utafiti haukutoweka. Unapatikana ukiwa umegongwa alama kwamba umefutwa, ili yeyote atakayeletewa nakala yake aweze kwenda kwenye chanzo na kuiona alama hiyo. Ukurasa unaotoweka bila maelezo humwachia mwenye nakala nafasi ya kusema "wameificha kweli."

Kosa likiwa kwa mwingine

Andika faraghani kwanza. Tafuta anwani ya mhariri au ya ofisi, na uandike kwa namna ambayo mtu mwenye shughuli nyingi ataweza kukufanyia kazi ndani ya dakika tano: sentensi yenye kosa, sentensi sahihi, ushahidi, na unachoomba.

"Ndugu Mhariri, salaam. Nawashukuru kwa makala yenu kuhusu kuharisha kwa watoto. Inasomwa sana huku kwetu. Katika aya ya nne mmeandika kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kipimo kinachofundishwa ni nusu kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Naambatanisha picha ya ukurasa wenu wa leo na ukurasa wa mwongozo husika. Kwa kuwa mzazi anaweza kukitumia kipimo hiki leo hii, naomba mkirekebishe mapema iwezekanavyo na kuweka maelezo mafupi kwamba kimerekebishwa. Mimi ni muuguzi na nipo tayari kusaidia."

Kwa kosa la dharura, siku moja ya kusubiri inatosha. Wakikaa kimya, weka maoni ya hadharani chini ya makala, kwa heshima ileile, ukianza na kipimo sahihi. Ikiwa ni dawa inayotangazwa kwa madai ya uongo, hilo si suala la mhariri tena: Tanzania kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa uvumi unaosambaa kwa kasi, PesaCheck na JamiiCheck huchapisha uhakiki kwa Kiswahili.

Ndani ya familia mambo ni tofauti. Ukimsahihisha shangazi mbele ya kundi la watu sitini, utashinda hoja na ujumbe utaendelea kusambaa kwingine. Mwandikie yeye peke yake: "Shikamoo shangazi. Nimeuona ule ujumbe wa maji ya chumvi na sukari. Nia ni njema kabisa, ila aliyeutunga amezidisha chumvi, na kwa mtoto ni hatari. Kipimo sahihi nimekiandika hapa chini. Naomba ukitume wewe mwenyewe kwenye kundi, wakikiona kimetoka kwako watakizingatia." Mara nyingi shangazi huyo ndiye atakayekifikisha mahali ambapo wewe usingefika.

Kosa likiwa Wikipedia

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na yeyote anaweza kuihariri, kwa hiyo huna haja ya kumwomba mtu. Lakini fungua kwanza historia ya ukurasa. Linganisha matoleo uone tarakimu mbovu iliingia lini. Pengine ya zamani ilikuwa sahihi na mtu aliichezea, na kazi yako ni kuirudisha tu. Hariri sentensi hiyo moja, weka rejeo la mwongozo au mapitio ya tafiti, na kwenye muhtasari wa hariri yako eleza ulichobadilisha na kwa nini. Usipitie makala yote ukibadilisha mtindo kwa wakati mmoja. Sahihisho la kipimo likizama katikati ya mabadiliko hamsini, anayekagua hataliona. Kama makala ilitafsiriwa, kagua na ile ya lugha ya asili.

Zifuate nakala

Chanzo kikishasafishwa, kazi imefika nusu. Chukua maneno matano au sita ya sentensi yenye kosa, yaweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, na uone nani wameinakili. Waandikie. Kama Google yenyewe bado inaonyesha maandishi ya zamani chini ya kiungo, ina zana ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe, na si lazima uwe mwenye tovuti ili kuitumia.

Faili la PDF libadilishwe kwa anwani ileile, na ndani yake, ukurasa wa kwanza, iandikwe tarehe ya toleo. Bango lichorwe upya lote. Usiweke kibandiko juu ya tarakimu, maana watu hukata picha. Kwenye video, kata kipande chenye kosa ikiwezekana, na uandike sahihisho mstari wa kwanza wa maelezo na kwenye maoni yaliyobandikwa juu. Kama kipindi kilisomwa redioni, sahihisho lisomwe kwenye kipindi hichohicho, saa ileile.

WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu, na hata hapo nakala zilizokwisha kufowadiwa hazibadiliki. Tangu Aprili 2020, ujumbe uliofowadiwa mara nyingi unaweza kutumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa mara moja. Kwa hiyo tengeneza ujumbe mpya mfupi wa sahihisho, wenye tarehe na chanzo, unaosomeka wote bila kubonyeza "soma zaidi", na uutume kwenye kila kundi ulikoona kosa.

Halafu jaribu sahihisho lako kwa mtu atakayelitumia. Mpe mama au baba mwenye mtoto mdogo ukurasa uliorekebishwa, chupa ya maji, chumvi, sukari na kijiko cha nyumbani kwake, umwombe atengeneze anachosoma huku wewe umenyamaza. Akirundika chumvi juu ya kijiko, neno "kilichosawazishwa" halijamfikia. Tafuta maneno mengine au ongeza picha. Akiuliza "maji ya chupa gani hii?", andika ujazo wa chupa. Rekebisha, umjaribu mwingine, na chini ya makala uweke tarehe ambayo ukurasa utakaguliwa tena na cheo cha atakayeukagua.